Ngozi ya Gaju

Kirolirwe, 7 Februari 2021

Papa Hilaire,

Hunijui, na mimi ninakujua kwa sura ya baba yako tu, kwenye picha. Naitwa Umurerwa, binti wa mzee Kanyamibwa wa hapa Kirolirwe. Barua hii inakufikia kwa mkono wa Nzanzu, yule dereva Mnande ambaye lori lake hupanda hadi Pinga barabara ikiruhusu. Nimemwomba asiiweke karibu na madumu ya mafuta, sijui kama amesikia.

Habari yenyewe ni hii. Huko Nyamitaba kuna mama anaitwa Falone. Parokia imempa ule ukumbi wa zamani, na humo anakusanya picha na vitu vya mambo yaliyofanyika mbele ya watu: sikukuu za uhuru, ufunguzi wa daraja, kitenge cha jubilei ya padri, beji, hata zile bendera ndogo za karatasi tulizokuwa tukipeperusha shuleni magari ya wakubwa yakipita. Anapaita Nyumba ya Kumbukumbu. Mwezi uliopita alikuja kwetu na picha moja kubwa, ameifunga kwenye kitenge kama mtoto mchanga. Ni ya Siku ya Mapatano, pale Kalembe, miaka ile vita ya kwanza ilipotulia na nyumba za kwetu na za kwenu zikapeana mikono. Baba yangu ameshika kamba. Baba yako ananyoosha mkono aipokee. Katikati amesimama ng'ombe wetu Gaju, anatazama pembeni kana kwamba mambo hayamhusu, na lile doa lake jeupe la ubavuni linaonekana wazi. Miguuni kwa baba yako amekaa mbwa wa kuwinda mliyetupa sisi siku hiyo, na kengele yake ya mti shingoni.

Mama Falone atafungua nyumba yake baada ya Pasaka, na picha hiyo itakuwa ya kwanza ukutani. Anaomba kila upande ulete kitu cha siku ile. Sisi tutapeleka kengele. Anaomba pia tuandikiane kwa kalamu, si kwa simu, kwa sababu barua zetu ataziweka chini ya kioo karibu na picha. Ndiyo maana unaona ninajitahidi na mwandiko.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo naona haya kuliandika. Kwetu, mtu akipewa ng'ombe anamtunza, na akizaa jike, siku moja anamrudisha mtamba mmoja kwa aliyempa, mbele ya watu, kwa pombe na nyimbo. Si kulipa. Ni namna ya nyumba mbili kuendelea kujuana. Gaju alikuja kwenu akiwa na mimba. Baba alimchagua kwa sababu hiyo. Tangu siku ile baba anangoja. Hajawahi kutuma mtu aulize, kwa maana kuuliza ni aibu kubwa kuliko kunyimwa. Sasa macho yake yamekwisha karibu yote, na asubuhi nyingine namkuta kwenye kiti akiwa ameelekeza sikio upande wa barabara.

Ninauliza mimi, yeye hajui. Gaju alizaa? Uzao wake upo? Sitaki ndama. Nataka neno la kumwambia.

Ni mimi,
Umurerwa


Ng'ambo ya Kalembe, 21 Februari 2021

Mama Umurerwa,

Barua yako imefika, inanuka mafuta kidogo lakini inasomeka. Nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaketi nikaisoma tena. Mimi ni katekista wa kikanisa chetu hapa, mkulima, na mwindaji siku ambazo magoti yanakubali. Baba yangu alifariki zamani. Ningetamani angekujibu yeye.

Siku ya Mapatano naikumbuka vizuri. Tulimleta Gaju nyumbani kwa nyimbo, akina mama wakamtandikia majani, na usiku ule hakuna aliyelala kwa furaha.

Umeuliza kama alizaa. Ndiyo, alizaa. Alizaa watatu. Wa kwanza tulimwita Mapatano, wa pili Neema, wa tatu Kadogo. Neema alikuwa mkaidi, aliingia mara nyingi kwenye mihogo ya watu. Gaju mwenyewe alizeeka kwetu na akafa kwa uzee. Tulimzika kwenye shamba la baba, hakuna aliyegusa nyama yake. Uzao wake ulitawanyika wakati wa kukimbia, unajua namna nchi yetu imetikisika, lakini upo, upo mbele huko kwa jamaa zetu. Mtamba angekuja siku nyingi kama si barabara.

Mwambie mzee kwamba hatujasahau.

Nami niulize kwa heshima: yule mbwa wa baba alifanyaje huko? Alikuwa mbwa bora wa kilima chetu. Baba alipomtoa, hakuwinda tena mwaka mzima.

Hilaire, katekista


Ng'ambo ya Kalembe, jioni hiyohiyo

Mapendo mdogo wangu,

Wewe huko Pinga hujambo, na shemeji na watoto. Mimi sijambo mwilini.

Nimefanya jambo baya leo na ninakuandikia wewe kwa sababu ndiye pekee aliyebaki anayejua. Binti wa yule mzee wa Kirolirwe ameniandikia kuhusu Gaju. Anauliza kama alizaa. Nilianza kumjibu kweli. Niliandika: Mama Umurerwa, yule ng'ombe tulimla. Nikaitazama sentensi ile, nikaichana. Barua zinawekwa chini ya kioo, Mapendo. Watoto wa shule watapita na mwalimu wao, watasoma kwamba watu wa msituni walipewa ng'ombe mwenye mimba wakamla kabla wiki haijaisha. Nikachukua karatasi nyingine na nikamzalisha mara tatu.

Wewe ulikuwa mdogo, lakini lazima unakumbuka. Kwetu mnyama wa mapatano analiwa, na analiwa na pande zote mbili. Kumfuga ni kama kusema bado unangoja kuona. Baba alingoja Jumapili ili watu wa Kirolirwe waje tule pamoja. Hakuna aliyewaambia kwamba kwetu kuna kula. Hatukuona mtu, mchana ukapita, akina mama wakauliza moto uzimwe au vipi, na baba akatoa kisu. Unakumbuka tulichokikuta tumboni. Mama alikufunika macho kwa kitenge. Yule niliyemwita Mapatano kwenye barua, nilikuwa namwona yeye nikiandika.

Baba alikuja kuelezwa desturi yao sokoni Kalembe, na muuza chumvi, mbele ya watu wanaocheka. Tangu hapo hakupita tena njia ya Kirolirwe. Alikuwa akisema kwamba hata wao hawajaleta paja la mnyama wa kwanza wa yule mbwa, kama inavyotakiwa kwa anayepewa mbwa. Lakini akisema hivyo alikuwa hamtazami mtu.

Nisaidie neno moja. Huyo mama wa Nyamitaba anataka kitu cha siku ile. Wewe ndiye una vitu vya baba. Tuma ile kofia yake ya ngozi ya nyani, au mkuki. Usitume kitu kingine chochote, unanielewa.

Kaka yako,
Hilaire


Kirolirwe, 9 Machi 2021

Papa Hilaire,

Nilikusudia kumpa baba habari kidogo kidogo, kama dawa. Sikuweza. Nilimsomea barua yote pale mlangoni, na alipofahamu kwamba nilikuuliza alinikemea, kisha akaniambia nisome tena.

Kwa Neema alicheka mpaka akakohoa. "Ng'ombe anaitwa Neema? Hawa bantu banabatiza ng'ombe?" Halafu akataka kujua pembe za Mapatano zilielekea wapi, na Kadogo alikuwa wa rangi gani, na kama doa la mama lilimfuata hata mmoja. Nikamwambia hukuandika. Akasema si neno, mkulima haangalii pembe. Pale ulipoandika kwamba mlimzika, alivua kofia. Akaiweka magotini, akasema, "Walimuheshimu kuliko mimi ningefanya. Mimi ningeuza ngozi."

Tangu siku hiyo amekuwa mtu mwingine. Anaomba maji ya kunyoa. Amewaambia watu wa hapa wote, na sasa wakipita wanamsalimu kwa majina ya ndama: Habari ya Mapatano, habari ya Kadogo. Anaitikia kila mmoja. Anasema atakuja Nyamitaba siku ya ufunguzi hata kwa machela, akushike mkono. Hataki mtamba. Anasema ule wa kwenye barua umemtosha.

Kuhusu mbwa, nitakuandikia siku nyingine. Karatasi imeisha.

Umurerwa


Pinga, 14 Machi 2021

Kaka Hilaire,

Nimeisoma barua yako nikiwa napika maharage na nimeyaacha yakaungua. Wewe ni katekista. Unafundisha watoto amri kumi, ile ya nane umeiruka?

Hata hivyo sikucheki sana. Ningekuwa mimi nimeshika kalamu, pengine ningemzalisha mara nne.

Lakini umechelewa. Huyo Mama Falone hakungoja wewe. Alinitumia ujumbe kwa Nzanzu tangu mwezi wa kwanza, kwamba kila nyumba itoe kitu cha Mapatano, na mimi sikufikiri mara mbili. Nina kitu gani cha Mapatano zaidi ya ngoma? Nilimpa ngoma. Ile ya kwaya, ya baba, ambayo fundi aliivalisha ngozi ya Gaju na nywele zake zote ubavuni, na doa jeupe limekaa mbele kabisa kwa sababu baba alisema ni zuri. Iliondoka Jumatatu, juu ya magunia ya mchele. Barua yako ikafika Alhamisi. Niliifuta vumbi na kuipaka mafuta kabla ya kuituma, kaka, nilitaka ing'ae.

Kofia ninakutumia pamoja na barua hii, lakini nenda Nyamitaba uichukue ngoma kabla yule mzee hajafika. Na usithubutu kununua ndama sokoni ukasema ni wa Gaju. Wale wanawajua ng'ombe wao kama wewe unavyowajua watoto unaowafundisha, na zaidi.

Naona haya kwa ajili yako, na kwa ajili yangu pia kwa kuipaka mafuta.

Mapendo


Ng'ambo ya Kalembe, 20 Machi 2021

Kwa Mama Falone, Nyumba ya Kumbukumbu, Nyamitaba

Salamu kwako na kwa kazi nzuri unayofanya. Nimesikia kwamba dada yangu Mapendo amekuletea ngoma. Kwa masikitiko ninakujulisha kwamba ngoma hiyo ina wadudu wanaotoboa mti, na wanaweza kuingia kwenye picha zako na vitenge vya watu. Nakuomba uifunge kwenye gunia, uiweke nje, na kumpa Nzanzu airudishe haraka kwangu nikaitibu kwa moshi. Mahali pake nitaleta kofia ya baba. Ningekuja mwenyewe, lakini kuna barieri mpya njiani na hawapitishi mtu wiki hii.

Hilaire, katekista


Kirolirwe, 2 Aprili 2021, Ijumaa Kuu

Papa Hilaire,

Mama Falone alinisomea barua yako ya wadudu. Alikuwa na wasiwasi, aliigeuza ngoma pande zote na taa, hakuona hata tundu. Alifikiri umekosea. Mimi nilikuwa nimeshaelewa.

Tulikwenda Nyamitaba juzi. Baba alitaka kuvishika vitu kabla ya siku ya watu wengi, kwa sababu hapendi kushikwa mkono na wageni wakimwonyesha ukuta. Mama Falone alimkalisha karibu na meza. Alimpa kengele, baba akaitikisa, akaiweka chini haraka. Mama Falone akamwambia, "Mzee, na hii iko ngoma yenye ilitoka kwa bandugu zenu ba Walikale, kule Pinga." Kulikuwa na wanafunzi na mwalimu wao, wamekuja kusaidia kufuta vumbi.

Baba alitia mikono juu ya ngoma. Alianza juu, kwenye sehemu iliyonyolewa kwa kupigwa, akashuka ubavuni kwenye nywele. Alikwenda polepole. Alifika kwenye doa. Ninajua kwamba nywele nyeupe na za rangi haziko sawa mkononi, kwa maana baba alinifundisha hivyo nikiwa mdogo, gizani kwenye zizi. Akainama akasogeza jicho lake lenye nuru kidogo karibu kabisa. Mimi nilikuwa nimeliona doa tangu mlangoni, nami nilimwacha aendelee.

Mwalimu akauliza, "Mzee, unaijua?"

"Ninaijua," akasema. "Iko Gaju."

Mama Falone akafurahi, akachukua kalamu aandike kile kikaratasi cha maelezo kinachowekwa chini ya kila kitu. Akamwuliza aandike nini. Naye baba akamwambia hivi, nakuandikia maneno yake: "Andika, ng'ombe Gaju. Alizeeka kwa rafiki zetu, akakufa kwa uzee. Nyama walizika kwa heshima. Ngozi njo walichunga, juu ya kumbukumbu." Mama Falone aliandika. Kikaratasi kipo, kina mhuri wa parokia.

Nyumbani hakula. Jioni aliniambia niisome barua yako tena, ile ya Mapatano na Neema na Kadogo, na niliisoma, na alisikiliza mpaka mwisho kama mtu anayesikiliza redio. Kisha akasema, "Ile ngozi iko ya mutamba. Gaju hakuzeeka." Hajaitaja tena. Asubuhi majirani walipita wakamsalimu, habari ya Kadogo, akaitikia kama kawaida, Kadogo hajambo. Mimi nilikuwa jikoni na niliuma kitenge changu.

Nilikukasirikia sana, Papa Hilaire. Nilitaka kukuandikia maneno ambayo hayaandikwi Ijumaa Kuu. Lakini ni mimi niliyeuliza lisiloulizwa, na kuna jambo la kwetu ambalo nalo lilinyamaziwa. Mara ile sikuishiwa karatasi. Nusu ya ukurasa ilikuwa tupu, bila shaka uliona.

Mbwa wenu tulimfunga kwa kamba kwenye nguzo ya zizi, kwa maana sisi tunachojua ni kufunga. Hakuna aliyekwenda naye kuwinda, hapa ni majani tu. Alilia usiku na mchana. Akakata kamba, akakimbiza ndama, mmoja akavunjika mguu. Baba zangu wadogo wakampiga kwa fimbo mpaka akafa. Baba alikuwa sokoni. Alirudi akamkuta, akafungua kengele kwa mkono wake, akaificha chini ya kitanda. Wageni wakiiona anasema ni zawadi. Hajawahi kusema ilikuwaje.

Sijui kama nimekuandikia hili ili uone haya zaidi au ili uone haya kidogo. Anakuja siku ya ufunguzi. Wewe fanya unavyoona.

Umurerwa


Ng'ambo ya Kalembe, 19 Aprili 2021

Mapendo,

Nimerudi jana. Nakuandikia kabla hujasikia ya watu wa Nzanzu, maana wataongeza chumvi.

Nilikwenda kwa miguu hadi Mweso, kisha kwa pikipiki. Nilikuwa na kofia ya baba kwenye mfuko na maneno tayari kichwani. Nilikuwa nimeamua kwamba nitasema yote, mbele ya picha. Kama mzee yule aliweza kunifunika mbele ya wanafunzi, mimi nitaweza kujifunua mbele ya wakubwa. Niliona ni jambo la haki. Niliona pia, nikuambie kweli, kwamba watu wataniona mtu jasiri.

Ukumbi ulijaa. Padri alikuwepo, chifu, akina mama wa Nyamitaba wenye vitenge vya jubilei, na wanawake wa Kirolirwe. Picha ni kubwa, Mapendo. Baba ni kijana ndani yake. Sikuwa najua kwamba alikuwa mdogo kuliko mimi nilivyo sasa. Ngoma ilikuwa chini ya picha, inang'aa kwa mafuta yako, na mzee Kanyamibwa wamemkalisha kando yake kwenye kiti cha padri. Nilikwenda kumsalimu. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, hakuuachia upesi, akasema tu, "Karibu, mutoto wa rafiki yangu." Nilitaka ardhi inimeze pale pale.

Mama Falone akaniita niseme neno kwa upande wetu. Nikasimama. Nikasema, "Bandugu, mimi niko na neno juu ya hii ngoma. Hii ngozi mwaiona hapa, ile siku..."

Akapiga ngoma.

Nilifikiri mkono umemponyoka. Nikangoja. Nikasema, "Ile Jumapili, baba yangu..." Akapiga tena, kwa nguvu, viganja vyote viwili, bila mpigo wowote unaoeleweka, kama mtu anayebisha mlango. Watu wakacheka kwa furaha, wakafikiri ni shangwe ya mzee. Nikapaza sauti, naye akazidisha. Mwanamke mmoja wa Kirolirwe akapiga kigelegele, wengine wakanyanyua mikono kama pembe za ng'ombe wakaanza kucheza, padri akapiga makofi, na mimi nikabaki nimesimama na mdomo wazi, nakiri dhambi ambayo hakuna anayeisikia.

Umurerwa alikuwa nyuma ya kiti. Hakucheza. Alinifuata nje baadaye, akaniambia baba yake hajapiga ng'ombe tangu azaliwe. Huwaongoza kwa mluzi. Mtoto wake akishika fimbo, huivunja. Nami nilikuwa mbele ya kiti na niliona asichokiona yeye: machozi yalikuwa yakimtoka mzee yule usoni kote na hakuyafuta, kwa maana mikono ilikuwa na kazi.

Sijawahi kuona haya kama hivi. Tulipochinja sikuona haya, nilikuwa na njaa na nilikuwa nasherehekea. Nilipodanganya niliona kidogo. Lakini kwenda kule kutafuta kutua mzigo wangu mgongoni kwa mzee kipofu, mbele ya watu wanaomsalimu kwa jina la Kadogo, hilo sikulifikiria hata mara moja njia nzima.

Kofia ya baba nimerudi nayo.

Hilaire


Kirolirwe, 3 Mei 2021

Papa Hilaire, anasema mwenyewe, mimi nashika kalamu tu. Ameniamuru nisinyooshe maneno yake. Umurerwa.

Hilaire mutoto wangu,

Njo mimi Kanyamibwa. Salamu kwa nyumba yako.

Nimesikia unalala vibaya. Nzanzu njo amesema. Nimesikia tena unataka kuniandikia juu ya kunishukuru. Usinishukuru. Bantu banazani nilipiga ngoma juu ya kukufunika wewe. Binti yangu naye anazani vile. Mara ya kwanza, wakati wa kile kikaratasi, ni kweli, nilikufunika. Nilisema muntu akikula ng'ombe na akaona haya miaka yote hii, basi amekwisha kulipa.

Lakini ile siku ya watu wengi, haikuwa juu yako. Ulisimama. Nikasikia sauti, iko sauti ya baba yako kabisa. Nikajua utasema yote. Na ile kengele ilikuwa hapo kwa meza, karibu na mukono wangu. Nikawaza, huyu akimaliza kusema yake, bantu batanigeukia mimi: na wewe mzee, mbwa alienda wapi? Njo nikapiga. Nilipiga juu ya woga. Baba yako alinipa kitu alikuwa anapenda kuliko mashamba yake, na mimi nikamufunga kwa nguzo nikaenda sokoni. Nilikuwa nasikia analia kila usiku, na sikuenda kumufungua. Hili sijaambia muntu, hata huyu anayeandika, na sasa anaacha kuandika kidogo anapangusa macho.

Juu ya barua. Mama Falone anaziuliza. Nimesema zikae kwa Umurerwa mpaka siku ya kufa yangu. Kisha azipeleke zote, yako ya uongo na hii yangu, ziwekwe pamoja. Bantu bazisome. Mimi sitakuwa hapa nione sura zao, na wewe utakuwa mwenye nguvu ya kusimama. Mbele ya ile siku kufika, uniandikie juu ya Kadogo. Sema kama iko na doa. Majirani banauliza na mimi nimekwisha kusema iko nalo.

Kitu kimoja tu ninakuomba. Mikono bado inaniuma. Nilimufuga yule ng'ombe tangu kuzaliwa, nilimutoa kwa tumbo ya mama yake na mikono hii, na sikumupiga hata siku moja. Ukisikia tena roho ya kusimama mbele ya bantu useme kweli wakati mimi niko hai, uvumilie.

Usinifanye nimupige tena.

Kanyamibwa